Nani Atashinda Hatua ya Vilima? Mwongozo Kamili wa Kutabiri Mbio za Baiskeli

Hatua (mbio za siku moja ndani ya mashindano ya siku nyingi) ya tambarare haisumbui sana: unaorodhesha watu watano wenye spidi kali na unachagua mmoja. Hatua ya milima mirefu nayo, kwa miaka hii, inaanza na kuishia kwa Tadej Pogačar wa Slovenia, labda awe ameamua kupumzika. Kichwa kinauma kwenye zile za katikati, yaani hatua za vilima: miinuko mifupi mingi, barabara nyembamba zenye kona, na kupanda kwa jumla kati ya mita 2,000 na 3,500. Hapo anaweza kushinda mtu wa spidi, mtu wa milima, au mtu ambaye asubuhi hukumtaja kabisa.

Mfano mzuri ni wiki ya kwanza ya Tour de France 2025, ambayo nitairudia mara kwa mara. Ndani ya siku sita kulikuwa na hatua nne za vilima. Boulogne-sur-Mer (hatua ya 2) alishinda Mathieu van der Poel wa Uholanzi, Pogačar akawa wa pili. Rouen (hatua ya 4) mambo yakageuka, Pogačar wa kwanza na van der Poel wa pili, na huo ukawa ushindi wa 100 wa Pogačar tangu aanze kulipwa. Vire Normandie (hatua ya 6) alishinda Ben Healy wa Ireland, baada ya kukaa mbele peke yake kwa kilomita 42. Mûr-de-Bretagne (hatua ya 7), Pogačar tena, na safari hii van der Poel aliachwa kilimani.

Kwenye karatasi hatua hizo ni ndugu wa tumbo moja, lakini ziliamuliwa kwa njia tofauti kabisa. Ndiyo maana kwenye mpangilio ninaoufuata jina la mshindi linakuja mwisho. Swali la kwanza ni mbio zitaamuliwa wapi na kwa namna gani, la pili ni nani atakuwa pale zinapoamuliwa.

1. Isome njia kwa kurudi nyuma

Fungua mchoro wa njia. Tovuti za ProCyclingStats na La Flamme Rouge zinao, na waandaaji wa mashindano makubwa huuweka kwenye tovuti zao. Anza kwenye mstari wa kumalizia, urudi nyuma kilomita 30. Kwa kila kilima andika vitu vinne: urefu, asilimia ya mwinuko, umbali kutoka kileleni hadi mwisho, na kinachofuata baada ya kilele. Hicho cha nne ndicho watu wanachokiruka. Kilele kinachofuatwa na mteremko wa kona nyingi kinamsaidia aliyechomoka, kwa sababu wanaomfukuza hawawezi kupangana na kusaidiana kuvuta (kukaa mbele kwa zamu na kukata upepo). Kilele kinachofuatwa na barabara pana, tambarare na yenye upepo wa mbele kinamrudisha mikononi mwao.

Kisha geuza kila kilima kuwa dakika. Kilomita na asilimia hazikuambii mengi mpaka ujue mtu atateseka kwa muda gani. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 walio mbele huenda kama kilomita 18 hadi 22 kwa saa. Kwenye asilimia 5 wanavuka 25, na mara nyingi wanafika 30. Rampe Saint-Hilaire pale Rouen ina mita 900 kwa asilimia 10.6, hivyo weka dakika mbili na nusu mpaka tatu. Mur de Huy, kinachomalizia La Flèche Wallonne kila Aprili nchini Ubelgiji, kina kilomita 1.3 kwa asilimia 9.6, na walio bora hukimaliza chini ya dakika tatu.

Jihadhari na wastani. Mûr-de-Bretagne imeandikwa kilomita 2 kwa asilimia 6.9, namba isiyotisha. Kumbe kilomita ya kwanza iko karibu na asilimia 10, halafu barabara inalegea hadi mwisho. Anayeshambulia kule chini anapaswa awe na nguvu za kuendelea kusukuma pale juu ambapo waliomfuata wanaweza kujikinga upepo nyuma yake. Mur de Huy nako kuna kona zinazovuka asilimia 20, na mtu aliyekaa vibaya ndani ya kona hizo amemaliza siku yake.

Jihadhari pia na daraja la kilima, ambalo waandaaji hulitoa kwa ugumu wake (la nne ndilo jepesi). Kilima cha daraja la nne kilichobakiza kilomita 5 kina uzito kuliko cha daraja la pili kilichopandwa kabla ya chakula cha mchana. Namba ya ProfileScore ya ProCyclingStats inalizingatia hilo, kwani inakipa uzito zaidi kilima kilicho karibu na mwisho. Itumie kulinganisha hatua ya kesho na za zamani, kisha utazame nani alishinda zile zinazofanana nayo.

2. Uliza ni timu gani itavuta

Hapa ndipo utabiri mwingi unapokufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila hatua watu kadhaa huchomoka mapema. Wakirudishwa, mshindi anatoka kwenye kundi kuu. Wasiporudishwa, orodha yako yote ya vigogo haina kazi. Na hawarudi wenyewe. Lazima timu fulani iweke watu mbele ya kundi wachome nguvu zao kwa muda wa saa tatu au nne. Timu haifanyi hivyo bila sababu. Basi pitia timu moja baada ya nyingine na uulize: ina mtu anayeweza kushinda kwenye mwisho huu? Ina wasaidizi wa kutosha walio wazima? Hatua hii ina faida gani kwake kwenye msimamo wa jumla (wa muda wa hatua zote)? Ukipata timu mbili au tatu zenye jibu la ndiyo, waliochomoka watarudishwa. Ukipata moja tu, nayo inaona nyingine zinaitegea, anza kuwaamini walio mbele.

Tazama Vire. Asubuhi ile Pogačar alikuwa na jezi ya njano, ya anayeongoza msimamo wa jumla, kwa hiyo kwa desturi kazi ya kuvuta ilikuwa ya timu yake, UAE. Lakini jezi ya njano ina gharama: kila jioni kuna jukwaa, mahojiano, vipimo, na mwenye jezi anafika hotelini wenzake wakiwa tayari mezani. Na bado zilikuwa zimebaki wiki mbili na zaidi. Kundi la watu wanane likachomoka, na ndani yake alikuwemo van der Poel, aliyekuwa nyuma ya Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 28. Ni mtu anayeweza kubeba jezi siku chache, lakini hawezi kuibeba hadi Paris, maana Alpes zitamwangusha. UAE hawakuwa na haja ya kumfukuza. Visma, timu ya Jonas Vingegaard, mpinzani mkuu wa Pogačar, haikuwa na haja ya kuwafanyia UAE kazi. Timu za watu wa spidi zilijua njia yenye kupanda mita 3,500 si yao. Hakukuwa na wa kuvuta.

Kundi kuu lilifika dakika zaidi ya tano baada ya Healy. Van der Poel akavaa njano kwa tofauti ya sekunde moja tu.

Hayo yote yangeweza kusomwa usiku uliotangulia, isipokuwa majina ya wale wanane. Linganisha na siku iliyofuata. Mûr-de-Bretagne ni kilima chenye jina, mwisho wake uko juu, na mstarini kuna sekunde 10, 6 na 4 za bonasi, zinazopunguzwa kwenye muda wa watatu wa kwanza. Pogačar na Vingegaard wote walikuwa na cha kupata. Timu kubwa zilivuta, na waliochomoka hawakuwa na nafasi.

Kwa ufupi, uwezekano wa waliochomoka kushinda unapanda mambo haya yanapokutana: mwanzo wa hatua una vilima (wanaochomoka wanakuwa wenye nguvu, si wa kuuza sura kwenye televisheni), mwisho hauwafai wazi watu wa spidi wala wagombea wa jumla, mwenye jezi angependa kuiachia, na kesho yake kuna hatua ngumu zaidi. Wiki ya tatu ongeza kidogo, kwa kuwa wengi wameshapoteza nusu saa kwenye msimamo na hakuna anayejali wakienda.

3. Linganisha dakika za kilima na aina ya mtu

Sasa ndiyo tunafika kwa watu. Mimi nawagawa kwa muda wanaoweza kuvumilia nguvu ya juu kabisa.

Kilima cha chini ya dakika moja na nusu, au mwinuko mpole mrefu wa asilimia 3 hadi 5, ni cha watu wa spidi wanaojua kupanda. Biniam Girmay wa Eritrea ndiye mfano wangu. Hatua ya 10 ya Giro d'Italia (mashindano makubwa ya Italia) 2022, iliyoishia Jesi, ilikuwa na vilima vilivyowachuja wenye spidi tupu, na mwisho ukabaki na kundi lililopungua na mstari wa kupanda kidogo. Girmay akamshinda van der Poel ana kwa ana, halafu kizibo cha chupa ya mvinyo kikampiga jichoni jukwaani na akashindwa kuendelea na mashindano. Hakuna hesabu inayotabiri kizibo.

Kilima cha dakika mbili hadi tano na mwinuko mkali ni cha watu wa vilima wenyewe: wepesi kiasi, wenye mlipuko, na wenye subira. Subira hii haionekani kwenye namba. Alejandro Valverde alishinda La Flèche Wallonne mara tano, mara nne mfululizo kuanzia 2014 hadi 2017, na ukitazama marudio utaona alivyokuwa akikaa nafasi ya tatu au ya nne mpaka mita 150 au 200 za mwisho. Waliomtangulia kuondoka walikwama mbele ya macho yake.

Kikivuka dakika nane au kumi, wape watu wa milima. Pogačar anaingia karibu kwenye kila kundi, na hilo ndilo linalowachosha watabiri. Lakini hata yeye alizidiwa Boulogne, ambako mwisho ulihitaji spidi ya mita chache kuliko dakika za kupanda.

Usimfunge mtu kwenye kundi moja milele, kwa sababu kilima kilekile humpokea tofauti kutegemea siku. Van der Poel alishinda Mûr-de-Bretagne kwenye Tour ya 2021. Ilikuwa siku ya pili tu ya mashindano. Alishambulia mara ya kwanza kilimani kuchukua bonasi, akashambulia tena mara ya mwisho, akavaa njano ambayo babu yake, Raymond Poulidor, hakuwahi kuivaa katika maisha yake yote ya mbio. Mwaka 2025 alifika pale siku ya saba, jana yake ametumia saa nyingi mbele kwenye njia ya Vire. Kilima kilekile, mtu yuleyule. Aliyeangalia orodha ya washindi wa zamani bila kuangalia jana alikofanya kazi alimpa nafasi ambayo hakuwa nayo.

4. Miguu ya wiki hii, na tabia ya mtu

Matokeo ya miezi mitatu iliyopita yana thamani ndogo. Tafuta siku 10 hadi 30 zilizopita, na ndani yake tafuta mwisho unaofanana na wa kesho. Kabla ya Tour ya 2025, hatua ya 1 ya Critérium du Dauphiné, mashindano ya Ufaransa ya mwezi Juni, ilikuwa dokezo la wazi: Vingegaard alichomoka kwenye kilima karibu na mwisho, wachache tu wakamfuata, na Pogačar akawashinda kwa spidi. Aliyeiona hakushangazwa na Rouen.

Usisome nafasi pekee. Mtu aliyemaliza wa 40 kwa kuwa alimvutia nahodha wake hadi mita 500 za mwisho anaweza kuwa na miguu kuliko aliyemaliza wa 12 akiwa amebebwa. Tazama marudio ya dakika kumi za mwisho.

Tabia nayo ni ushahidi. Healy hana spidi kali ya mwisho, kwa hiyo anashinda kwa kuondoka mapema na peke yake. Ndivyo alivyofanya Fossombrone kwenye Giro ya 2023, na ndivyo alivyofanya kwenye Itzulia ya Nchi ya Basque Aprili 2025, wiki chache kabla ya kuwa wa tatu Liège–Bastogne–Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji. Ukiona hatua ambayo waliochomoka wana nafasi na mwisho umejaa vilima, mtu wa aina hiyo anapanda juu ya orodha. Timu yake, EF, pia ilikuwa imemkosa Richard Carapaz aliyeugua kabla ya kuanza, kwa hiyo hapakuwa na nahodha wa kulindwa. Kila mmoja alikuwa huru kuwinda hatua.

5. Upepo, mvua na nafasi

Upepo wa mbele kilimani unamfaa anayesubiri, wa nyuma unamfaa anayeshambulia. Mvua ya baridi huwatoa watu wazuri mapema: Flèche ya 2024 ilipigwa na mvua na baridi, wengi wakaacha mbio, na Stephen Williams wa Wales akashinda. Barabara nyembamba kabla ya kilima cha mwisho zinawapa faida wenye timu ya kuwafikisha mbele. Aliyeingia kilimani akiwa wa 50 atawafukuza walio mbele kwa nguvu ambazo wenzake wanazihifadhi.

6. Vigogo wanapochungana

Mbio za dunia za Kigali, Septemba 2025, za kwanza kufanyika Afrika, hazikuwa hatua bali mbio za siku moja, lakini zilikuwa darasa la vilima bila malipo. Wanaume walikuwa na kilomita 267.5 na kupanda karibu mita 5,500. Pogačar alishambulia Mont Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akapita Kwa Mutwe penye mawe na kelele za watu ambazo bado nazisikia, na mwishowe akabaki peke yake. Watu 30 tu walimaliza. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wote, akaamua kutosubiri.

Siku moja kabla, kwenye mzunguko huohuo wa jiji, wanawake walikuwa na vigogo kadhaa wanaolingana. Kila mmoja alimtazama mwenzake, hakuna aliyetaka kumvutia mpinzani, na kundi dogo likatoroka. Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwemo kwenye orodha za wengi, akashambulia kupanda Kimihurura mara ya mwisho na kuwa bingwa wa dunia.

Kanuni inayotoka hapo ni hii: vigogo wakiwa wengi na wanalingana, punguza asilimia ya kila kigogo kuliko akili yako inavyotaka, na ongeza ya watu wa daraja la pili walio kwenye timu zenye kigogo. Hao ndio wanaoruhusiwa kutoka.

7. Geuza yote kuwa asilimia

Kusema tu "naona atashinda fulani" hakufundishi kitu. Gawa kwanza namna hatua itakavyoamuliwa, ndipo ugawe majina ndani yake. Namba hizi ni za mfano, kwa hatua ya sura ya Vire: waliochomoka 60, kundi dogo la vigogo 25, kundi kubwa lililopungua kidogo 15.

Pogačar: kwenye kundi dogo nampa 55 kwa 100, hiyo ni 25 × 0.55 = 13.75. Kwenye kundi kubwa nampa 15 kwa 100, yaani 2.25. Jumla 16. Ndiye anayeongoza orodha, na bado ana nafasi 84 kwa 100 za kukosa.

Van der Poel anaingia kwa milango mitatu. Kuchomoka: 60 × 0.15 (kuwemo) × 0.25 (kushinda akiwemo) = 2.25. Kundi dogo: 25 × 0.10 = 2.5. Kundi kubwa: 15 × 0.35 = 5.25. Jumla 10.

Healy ana mlango mmoja tu: 60 × 0.40 × 0.20 = 4.8.

Wengi hushangaa mtu waliyemwamini kupata chini ya 5. Ndivyo ilivyo kwa kila anayetegemea kuchomoka, maana lazima afanikiwe mara tatu mfululizo. Gawa hadi majina kumi au kumi na tano, halafu asilimia zinazobaki ziweke kwa "wengineo". Kwenye hatua ya vilima, "wengineo" wakiwa chini ya 20 umejiamini kupita kiasi.

Kama unalinganisha na odi za makampuni ya kubeti, gawanya 100 kwa odi: odi ya 21 ni kama asilimia 4.8. Ukijumlisha asilimia hizo kwa odi zote za hatua moja utapata zaidi ya 100. Ziada hiyo ni mfuko wa kampuni. Kwangu odi zina faida moja kubwa: kunionyesha pale ninapotofautiana sana na watu wengine, nirudi kukagua hesabu. Mara nyingi tofauti inatokana na habari ambayo sikuwa nayo, kama mtu aliyeanguka jana na kufungwa bandeji.

8. Siku yenyewe, na daftari

Utabiri wa usiku ni rasimu. Asubuhi kagua waliojitoa na mahojiano kwenye basi za timu (kocha akisema "leo tunawaachia wengine", mara nyingi anamaanisha). Kisha subiri kundi la mbele lipatikane. Hapo hesabu yako inarahisika: majina ya waliochomoka unayajua, pengo unaliona, na unaona nani anavuta nyuma. Pengo likivuka dakika tano zikiwa zimebaki kilomita 80 za vilima na mbele ya kundi kuu kuna timu moja peke yake, hamishia asilimia kwa walio mbele bila huruma.

Baada ya mbio, andika. Kwa kila jina ulilolipa nafasi, chukua asilimia kama desimali, toa matokeo (1 kama ameshinda, 0 kama hakushinda), zidisha tofauti kwa yenyewe. Ulimpa 0.16 akakosa: 0.0256. Ulimpa 0.05 akashinda: 0.9025. Jumlisha kwa hatua nzima, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo utabiri ulivyokuwa mzuri. Pembeni ya namba andika sentensi moja: je, nilikosea namna hatua ilivyoamuliwa, au nilikosea mtu? Makosa hayo mawili yana dawa tofauti. La kwanza linakurudisha kwenye sehemu ya 2, la pili kwenye sehemu ya 3 na ya 4.